Fundi Atuganile na njia ya panya ndani ya ofisi ya wakala, Tunduma

Mwandishi wa makala haya anaijua intaneti kuliko mtu yeyote wa rika lake hapa Tunduma. Wa rika lake wamebaki wanne, na wawili kati yao hawaoni.

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, anapewa kiti cha plastiki katika ofisi ya wakala wa forodha iliyo barabara ya pili kutoka mpakani. Kitu cha kwanza anachokiona ni soli za viatu. Mwenye viatu yuko chini ya meza.

"Shikamoo, bibi," sauti inatoka huko chini. "Tafadhali usikanyage huo waya wa bluu. Ukiukanyaga, ofisi nzima inalala."

Mwenye sauti anatoka kinyumenyume, ana utando wa buibui kwenye nywele. Huo ndio mtandao pekee ambao mwandishi aliutambua siku hiyo bila kuelezwa.

Anaitwa Atuganile Kibona, umri miaka 32, fundi wa mitandao ya kompyuta. Mjini hapa wengi humwita Dada Waya. Suruali yake ina mifuko sita, na kila mfuko una kazi yake: koleo, bisibisi, kalamu, daftari, karanga, na wa sita una karanga za akiba.

Kazi yake hapa ni kuandika njia.

Ofisi hii ina kompyuta sita, na kazi yake ni kutuma nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia. Nyaraka zinakwenda kwenye mfumo wa forodha. Mfumo huo haupokei kutoka kwa kila anayebisha hodi. Unapokea kutoka kwenye anwani moja tu ya intaneti, ile ambayo ofisi imesajiliwa nayo. Anwani yenyewe ni tarakimu tupu zenye nukta katikati, na Atuganile anaijua kwa kichwa.

"Hii ndiyo ruta," anasema, akigonga kasanduku keusi ukutani. "Humu ndani naandika mwenyewe kwa mkono: anayekwenda forodha apite lango hili. Nikishaandika, haibadiliki mpaka aje mtu aifute. Sisi tunaiita njia tuli."

Mwandishi anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Fundi anamtazama, kisha anaanza upya.

"Bibi, Jumapili ukienda kanisani unauliza njia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Naijua. Miguu yenyewe inakwenda."

"Basi ndiyo hiyo. Kuna ruta nyingine zinaulizana njia kila kona, hizo ni za makampuni makubwa yenye matawi mengi. Ofisi kama hii ina mlango mmoja wa kutokea. Unaiandikia njia moja, miguu inakwenda."

Shida ni kwamba tangu Jumatatu miguu haiendi. Karani wa ofisi, Eva, anatuma nyaraka na mfumo unamrudishia maandishi mekundu: ombi limetoka mahali pasipotambulika. Akizima kompyuta, akaiwasha na kujaribu tena, pengine linapita. Jana alituma kumi na moja, zikapita tatu.

Nje kuna foleni ya malori iliyoanzia Mpemba. Mmoja wa madereva, Danieli, amebeba marumaru za kwenda Kitwe, na kwa kuwa nyaraka zake ni miongoni mwa zilizogoma, amehamia ofisini na chupa yake ya chai.

"Mulishani, dada fundi," anasalimia Kibemba, ambacho amekiokota barabarani. "Marumaru zangu zimeanza kuota mizizi. Nizimwagilie?"

"Zimwagilie hiyo chai," Atuganile anamjibu bila kugeuka. "Sukari itazisaidia."

Mlango wa ndani unafunguka. Anatoka mwenye ofisi, Mzee Rabson Silwimba, miaka 63, suti ya kijivu, miwani juu ya paji la uso. Hana salamu.

"Binti, leo ndiyo mwisho wa ile miezi mitatu ya majaribio. Mkataba wako uko pale mezani kwa Eva. Ikifika saa sita nyaraka za huyu bwana hazijapita, mimi nampigia fundi wa Mbeya. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, baba."

"Kalamu ninayo," mzee anasema akigusa mfuko wa koti. "Lakini mimi sisaini maandishi mekundu." Anarudi ndani na kufunga mlango.

Mkataba wenyewe ni wa mwaka mzima, shilingi laki tatu kwa mwezi, na Atuganile hajawahi kupata mwingine wa namna hiyo tangu aache kuajiriwa. Kazi zake nyingine ni za kuitwa. Leo hoteli, kesho hakuna, keshokutwa duka la dawa ambalo mwenyewe amekata waya kwa panga akifyeka majani.

Atuganile alizaliwa Ileje, kwenye milima ya karibu na Itumba, kwa wazazi wakulima. Mama yake, Tusekile, analima maharage na hadi leo huwaambia majirani kwamba bintiye ni mtengeneza barabara.

"Sijamkataza," Atuganile anasema. "Siku moja aliniuliza, hizo barabara zako zina vumbi? Nikamwambia hazina. Akasema basi huko ndiko waletwe hawa madiwani waje kujifunza."

Alisoma chuo cha ufundi Mbeya, kisha akafanya kazi miaka minne kwenye kampuni ya kuvuta nyaya. Kazi yake ilikuwa kupanda. Paa, nguzo, mnara, yeye alipanda, na akishuka wateja walimuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Walikuwa wakitazama nyuma ya bega lake.

"Niliwajibu yuko njiani anakuja," anasema. "Wakisubiri, mimi nikawa nimemaliza."

Aliacha kazi hiyo kwa sababu kampuni ilitaka ahamie pwani. Amezunguka mkoa huu wote kwa bodaboda, ruta kaipakata kama mtoto. Aliwahi kwenda hivyo hadi Chitete wakati wa mvua. Alipofika alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na ruta ilikuwa safi kwa sababu aliifunga kwa koti lake la mvua.

Saa tatu na nusu, katika ofisi ya mzee Silwimba, anafungua kompyuta yake na kuanza kusoma upya alichokiandika kwenye ruta. Anasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata kila tarakimu, kama mwanafunzi wa darasa la pili. Ana sababu. Mwaka juzi, kule Vwawa, aliandika 15 mahali pa 51, na ofisi moja ya kukopeshana fedha ikakaa bubu kutwa nzima. Wanachama sabini wakawa kwenye foleni.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Tangu siku ile nasoma mara tatu. Na mara ya tatu nasoma kwa kurudi nyuma."

Leo anasoma mara tatu. Anasoma kwa kurudi nyuma. Lango ni sahihi, njia ni sahihi. Anawapigia watu wa fiba, wale wanaoleta intaneti ofisini, wanamwambia upande wao hauna tatizo. Anaketi sakafuni, anatoa karanga.

"Njia yangu haina kosa," anasema. Uso wake hauonyeshi kufurahi. "Ingekuwa na kosa ningejua pa kushika."

Saa nne inapita. Danieli anamaliza chai. Kutoka chumba cha ndani mzee anakohoa, na kila akikohoa Atuganile anatazama saa ya ukutani.

Aliyefungua jambo lile ni Eva, tena bila kukusudia. Alikuwa akilalamika tu.

"Na hii kompyuta nayo," anasema, "tangu Jumatatu inaniletea matangazo ya viatu kwa kwacha. Viatu vizuri kweli, lakini duka lenyewe Lusaka. Mimi nitavaaje viatu vya Lusaka?"

Atuganile anaacha kutafuna.

"Rudia, mdogo wangu."

"Viatu?"

"Kwacha."

"Kwacha. Kila ukurasa. Hapo mwanzo nilikuwa naletewa mashamba ya Kibaha."

Fundi anasimama, anamwondoa Eva kitini kwa upole na kuandika amri fupi kwenye kompyuta yake. Amri hiyo, anaeleza, inaiuliza kompyuta inapita vituo gani hadi kufika inakokwenda, nayo inavitaja kimoja kimoja. Kituo cha kwanza kinapaswa kuwa ruta ya ukutani. Kompyuta ya Eva inataja kituo kingine kabisa, chenye tarakimu ambazo Atuganile hakuziandika popote. Kituo cha tatu kiko Zambia.

Hapo ndipo alipolitoa lile neno. Alilitoa kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka jikoni.

"Jamani! Humu ndani kuna njia ya panya!"

Kwa msomaji wa mbali, njia ya panya ni kichochoro cha kuvukia mpaka bila kupita kwa watu wa forodha. Tunduma vipo, kila mtu anavijua, na hakuna anayevijua. Kulitaja neno hilo ndani ya ofisi ya wakala mwenye leseni, mlango ukiwa wazi, ni sawa na kupiga kelele za moto ndani ya ghala la pamba.

Eva aliruka akafunga mlango. Danieli, ambaye hakuwa amefanya lolote, alinyanyua mikono. Mzee Rabson alitoka chumbani kwake mbio, miwani ikamdondokea puani.

"Nani? Nani amesema?" anauliza kwa kunong'ona. "Binti, una akili? Hapo nje wamesimama watu wawili wenye sare! Mimi nina leseni miaka kumi na tisa, sijawahi kupitisha hata kiberiti!"

"Baba, si ya mzigo. Ya intaneti."

"Ya intaneti inapita wapi? Kwa akina nani?"

"Inatokea Nakonde, ng'ambo ya mpaka."

"Usitaje Nakonde!"

Ilichukua dakika tano kumtuliza, na maji ya kunywa. Kisha Atuganile akamweleza, akitumia kalamu na vikombe vya chai. Kompyuta kila ikiwashwa, alisema, inauliza: lango liko wapi? Ruta ya ukutani inajibu, lango ni mimi. Lakini tangu Jumatatu kuna kidude kingine humu ofisini kinachojibu pia, lango ni mimi. Anayewahi kujibu ndiye anayefuatwa. Kidude kikiwahi, nyaraka za Danieli zinatoka kwa laini ya simu ya Zambia, na forodha wanakataa, kwa sababu anwani hiyo hawaifahamu.

"Njia niliyoandika mimi ni nzuri," alimalizia. "Sema gari halifiki hata kwenye hiyo njia. Linakata kona mapema."

"Sasa hicho kidude kiko wapi?"

"Ndicho ninachokwenda kukitafuta."

Alifuata waya mmoja mmoja kuanzia kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa nyaya. Nyaya sita zilikwenda kwenye kompyuta sita. Wa saba ulikuwa mwembamba, mweupe, na haukuwa wake. Ulipita nyuma ya kabati la mafaili, ukaingia ndani ya mfuko wa chumvi, ile ya Ivuna. Ndani ya mfuko hamkuwa na chumvi. Mlikuwa na kimodemu kipya chenye laini ya Nakonde, taa zake zinakonyeza.

Saa tano na dakika kumi. Watu wote wanakitazama kana kwamba kitasema chenyewe kimeletwa na nani.

"Eva," mzee anaanza.

"Si mimi, mzee! Haki ya Mungu si mimi. Mimi bando langu la wiki linanitosha."

"Mtu kaleta hiki kwa sababu video zimefungwa," anasema Atuganile. Ijumaa iliyopita, kwa amri ya mzee mwenyewe, aliizuia ruta isionyeshe video, kwani wafanyakazi walidaiwa kutazama muziki saa za kazi. Zuio hilo halikubagua mtu. "Mtu akanunua ya kwake ng'ambo. Huko vifurushi ni rahisi. Kosa lake ni kuchomeka waya kwenye swichi. Angekiacha bila waya, nisingekijua mpaka leo."

"Na wewe je?" mzee anamgeukia ghafla.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Ndani ya miezi hii mitatu anayegusa nyaya humu ni wewe peke yako. Mafundi mna tabia ya kusahau vidude. Nitajuaje kwamba hukukiacha wewe, halafu leo unajifanya umekigundua ili nikusainie?"

Danieli anatazama dari.

"Si changu, baba," anasema Atuganile.

"Basi ni cha nani?"

"Sijui."

"Basi." Mzee anauchukua mkataba kutoka mezani kwa Eva, anaukunja mara mbili, anautia kwenye mfuko wa koti. "Maliza kazi ya leo, nitakulipa ya leo. Mambo ya mwaka mzima tutazungumza nikishajua mwenye kidude." Kisha anamgeukia mwandishi. "Na wewe mama, kama unaandika, andika. Mimi Silwimba vidude hivyo sivijui. Hata redio nyumbani ananiwashia mke wangu. Simu yangu hii ni ya kupigia na kupokea, basi."

Mwandishi aliandika. Mzee aliingia ndani, akafunga mlango.

Atuganile hakukichomoa kidude pale pale. Alitaka kwanza kompyuta zote zisimame zenyewe, hata kama keshokutwa mtu ataleta vidude kumi. Akaanza na ya Eva. Aliiandikia anwani yake kwa mkono, akaiandikia na lango kwa mkono, isimuulize mtu tena. Kisha ya pili. Mikono ilikuwa na haraka, macho yalikuwa mekundu kidogo, na alisema ni vumbi la nyuma ya kabati.

Saa tano na dakika thelathini na tano Eva alituma nyaraka za marumaru. Wote walisimama nyuma yake. Maandishi yalitokea, na yalikuwa ya kijani.

"Lesa mukulu! Mungu mkubwa!" Danieli alipiga kofi. Eva akatuma tena, za lori jingine. Kijani. Za tatu, kijani.

"Dada Atu, zimepita zote," Eva alisema. Hakushangilia. Alikuwa akiutazama mlango wa ndani.

Fundi akiwa kwenye kompyuta ya nne, mwandishi alimuuliza angefanya nini na ule mkataba kama ungesainiwa.

"Ningenunua ngazi," alijibu papo hapo. "Ya aluminiamu, futi ishirini na nne. Sasa hivi naazima kwa fundi rangi mmoja, na siku zote nikiihitaji na yeye yuko juu yake."

Baada ya ngazi anataka kwenda Ivuna. Kuna kikundi cha wachemsha chumvi huko waliomuomba awaunganishe na intaneti, wajue bei ya Tunduma kabla lori la mnunuzi halijawafikia na bei yake mfukoni. Ameshakwenda mara mbili kupima pa kusimamisha mlingoti. Amechora ramani kwenye daftari, nyumba ya mwenyekiti wao, kisima, tanuri la kuchemshia, na mistari iliyonyooka kutoka juu ya kilima.

"Pale ndipo nataka mama aje aone," alisema. "Nimwonyeshe barabara moja tu niliyoitengeneza tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini bila ofisi moja ya kunilisha kila mwezi, Ivuna siendi. Nitabaki nasubiri mtu akate waya kwa panga."

Alimaliza kompyuta ya sita saa sita kasoro dakika tatu. Akaangalia kila moja, akazisoma tarakimu kwa kwenda na kwa kurudi. Akaifuta mikono kwenye suruali. Kisha akainama nyuma ya kabati, akauchomoa ule waya mweupe na umeme wake, akakitoa kimodemu mfukoni mwa chumvi na kukiweka juu ya meza ya Eva. Taa zake zikazimika.

Haukupita hata muda wa kuhesabu hadi nane.

"Aaah! Nani amekata tena?" sauti ya mzee ilipasua kutoka ndani. "Yule mwenye kaptula nyekundu alishamkalia mwenzake kifuani!"

Mlango ukafunguka. Mzee Rabson alikuwa amenyanyua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao mlimani, spika zake za masikioni zikining'inia shingoni. Alimwona Atuganile. Akaiona meza. Akaziona taa zilizozimika.

"Nilikuwa nasikiliza mahubiri," alisema.

"Mhubiri mwenye kaptula nyekundu, mzee?" aliuliza Danieli, na Eva akanyoosha mkono, akimpa mzee kalamu.